Sabufa, spika zenye amplifaya ndani, au amplifaya ndogo na spika zake: kipi kikae sebuleni?

Anayetafuta sauti nzuri ya nyumbani kwa fedha kidogo, awe Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, huishia kuchagua kati ya vitu vitatu. Kuna sabufa: boksi kubwa la besi, spika ndogo mbili au tatu, rimoti, redio na sehemu ya kuchomeka flashi. Kuna jozi ya spika ambazo amplifaya imo humohumo ndani, kama Edifier R1280T, R1280DB au PreSonus Eris E3.5. Halafu kuna amplifaya ndogo ya ukubwa wa kitabu inayosukuma spika mbili za kawaida, mfano Fosi Audio BT20A ikiwa na Sony SS-CS5. Mtumba wa Ulaya na Japani nao umo, ila una masharti yake na umewekwa mwisho.

Ulinganisho huu umepigiwa hesabu ya sebule ya mita 4 kwa 3.5, sakafu ya saruji au vigae, TV moja, kisimbuzi kimoja, na muziki mwingi ukitoka kwenye simu. Kama unachotaka ni kupiga ngoma uani watu wacheze, hesabu ni nyingine kabisa.

Wati za boksi na wati za kweli

Boksi la sabufa linaweza kuandikwa wati 10,000 PMPO. Hiyo PMPO, kilele cha nguvu kinachodaiwa kwa muda mfupi, haina kanuni moja ya kuipima; kila mtengenezaji hukokotoa anavyopenda. Achana na boksi, geuza sabufa yenyewe, tafuta kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Utakuta maandishi kama AC 220–240V, 50Hz, 60W. Hizo 60 ndizo zinazovutwa ukutani, na hakuna amplifaya inayoweza kutoa mfululizo zaidi ya inavyovuta. Toa kinachopotea kama joto kwenye transfoma na kwenye IC (chipu ya kukuza sauti), zinabaki labda 35 au 40 za kugawana besi na spika ndogo zote. Sabufa nyingi za bei ya chini ukizifungua unakuta IC za TDA2030A, na moja hutoa wati 14 hadi 18 hivi, ikipewa umeme wa kutosha.

Wauza amplifaya ndogo nao wanaongeza chumvi, ila wao ni rahisi kuwashika, kwa sababu adapta yao iko nje na imeandikwa. Adapta ya volti 24 na ampea 4.5 ni wati 108 kwa jumla. Kwa hiyo "wati 100 mara mbili" haziwezi kutoka humo. Ukitaka kujua kila upande unapata ngapi, zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Kwa volti 24 na spika ya omu 8: 576 gawanya kwa 16, ni 36. Kwa adapta ya volti 32: 1,024 gawanya kwa 16, ni 64. Hicho ni kilele kabla sauti haijaanza kukoroma. Kwa vitendo toa kidogo. Chipu ya TPA3116, iliyomo kwenye amplifaya nyingi za bei ya chini, inavumilia hadi volti 26, na TPA3255 inapita 50. Ndiyo maana za TPA3255 huja na adapta nzito zaidi, na ndiyo maana bei yao iko juu.

Sasa, wati 36 zinatosha? Sony SS-CS5 ina unyeti wa desibeli 87, maana yake ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake unapata desibeli 87. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Ukizidisha wati mara kumi unaongeza desibeli 10, kwa hiyo wati 10 zinakufikisha 97, na hapo jirani mliyeshiriki ukuta ameshaanza kugonga. Usikilizaji wa kila siku kwenye sebule hii unatumia wati 1 au 2. Zinazobaki ni akiba ya pigo la ngoma la ghafla, lipite bila kukatwa kichwa.

Sabufa: inapofaa na inapokwama

Sabufa haistahili dharau inayopewa na wapenzi wa muziki. Kwa fedha ileile hakuna kitu kingine kinachokupa besi ya kusikika hadi nje, rimoti, redio ya FM, flashi na Bluetooth kwa pamoja. Na ikiharibika, fundi wa mtaani anaifungua, anang'oa IC iliyoungua, anaweka nyingine, jioni inaimba. Hilo si jambo dogo, na halipo kwenye karatasi ya sifa ya spika yoyote ya kutoka nje.

Inakokwama ni katikati. Spika zake ndogo huwa na koni (ule uso unaotetemeka) ya inchi 2.5 au 3, na koni ya hivyo haishuki vizuri chini ya Hz 150 au 200 (Hz ni mitetemo kwa sekunde; kadiri inavyopungua ndivyo besi inavyozidi). Boksi la besi nalo limetengenezwa lipige kwa nguvu kati ya Hz 60 na 100, kwa sababu hapo ndipo mteja dukani anaposhtuka na kutoa pochi. Kati yao linabaki shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo yanamokaa mashina ya sauti ya mwanamume na nusu ya kazi ya gitaa la besi. Weka taarifa ya habari: msomaji anasikika kana kwamba anaongea ndani ya pipa. Weka rumba ambayo gitaa la besi linapanda na kushuka ngazi: sabufa inajibu "bu" ileile kwa kila noti. Kwenye taarabu utasikia ngoma na sauti ya mwimbaji, lakini ganuni na fidla vinajibana kwenye kona moja.

Ukiipunguza besi kwa rimoti hadi robo, sauti inatulia lakini shimo halizibi, maana spika ndogo haziwezi kushuka kulijaza.

Spika zenye amplifaya ndani

Hapa ndipo fedha ya mtu wa kawaida inapofanya kazi vizuri zaidi, ikiwa sauti ndiyo anayoitaka na hana hamu ya kucheza na nyaya. Edifier R1280T ina wufa (spika ya besi na sauti za kati) ya inchi 4 na tuwita (spika ya sauti nyembamba) ya hariri ya milimita 13, wati 42 kwa jumla, yaani 21 kila upande, na hizo ni wati za kweli. Kwa karatasi inashuka hadi Hz 75. Sauti ya mtu inakaa katikati ya spika mbili pale panapotakiwa, gitaa linatenganika na kinanda, na redio inasikilizika saa nzima bila kuchosha masikio.

R1280T na R1280DB zinafanana sana kwa sura, lakini kwa mwenye TV ni vitu viwili tofauti. T ina matundu ya RCA tu, yale ya waya mwekundu na mweupe. DB imeongezwa Bluetooth na tundu la waya wa mwanga, ule wenye ncha nyekundu inayowaka. TV nyingi za sasa hazina tena RCA ya kutoa sauti. Zina tundu la mwanga, HDMI ARC (tundu la HDMI linaloweza kutoa sauti), na baadhi zina jeki ya hedifoni. Mwenye T na TV isiyo na jeki ya hedifoni atalazimika kununua kiboksi cha kubadili mwanga kuwa RCA, na mwisho wa siku ametumia karibu fedha ya DB. Ongeza kidogo mwanzoni. Ipo pia R1280DBs, yenye tundu la kutolea sauti kwenda kwenye boksi la besi. Ukiikuta, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Waya wa mwanga una kero moja inayowafanya watu warudishe spika nzima dukani: wanachomeka, hakuna sauti, au unatoka mchakacho. TV inatuma sauti ya Dolby, na spika za aina hii hazijui kuisoma. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali, chagua PCM, yaani sauti isiyobanwa. Vilevile ujue kwamba kwa waya huo rimoti ya TV mara nyingi haipunguzi sauti tena. Utatumia rimoti ya spika.

PreSonus Eris E3.5 ina wufa ndogo zaidi, inchi 3.5, na wati 25 kila upande. Ni ya mezani, kwa anayekaa sentimita 80 mbele ya kompyuta, na kwa kazi hiyo inaonyesha undani kuliko Edifier. Kwenye sebule inaishiwa pumzi. Haina rimoti, na tundu lake la hewa liko nyuma, kwa hiyo ukiisukumia ukutani besi inavimba. Edifier hizi tundu liko mbele na hazina usumbufu huo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mayai yote yako kwenye kapu moja. Bodi ya ndani ya boksi la kulia ikiungua, spika zote mbili zimenyamaza, na vipuri haviko mtaani. Pia angalia voltaji. Spika hizi hutengenezwa kwa nchi husika, na ndugu akikuletea jozi kutoka Marekani, mara nyingi hiyo ni ya volti 120 tu. Chomeka kwenye 230 ya Dar au 240 ya Nairobi uone moshi. Inayotoka Dubai, Muscat au Uingereza haina tatizo hilo.

Amplifaya ndogo na spika za kawaida

Kwa jumla njia hii inagharimu zaidi ya R1280DB, na ina nyaya nyingi zaidi. Faida yake ni kwamba kila kipande kinajitegemea. Amplifaya ikifa unanunua nyingine na spika zinabaki. Adapta ikiungua unatafuta yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi. Adapta nyingi zimeandikwa 100–240V, kwa hiyo iliyotoka Marekani inahitaji kibadilisha plagi tu. Na spika nzuri zinaishi miaka 20 na zaidi, wakati amplifaya, TV na simu zinapita mbele yake kama abiria.

Ndiyo sababu fedha ielemee spika. Ukiwa na mafungu kumi, sita au saba yaende kwenye spika, mawili na nusu kwenye amplifaya, kinachobaki kwenye waya na stendi. Watu wengi hufanya kinyume: amplifaya ya kifahari, spika za gari zilizofungwa kwenye boksi la mbao. Tofauti kati ya amplifaya mbili zilizo sawa kwa nguvu unaweza usiisikie kabisa. Tofauti kati ya spika mbili anaisikia hata mtoto aliyelala.

Sony SS-CS5 ina wufa ya sentimita 13, tuwita mbili, omu 6, na inashuka hadi Hz 53. Kati ya 75 na 53 kuna mengi: ndipo ngoma ya singeli na ile besi nzito ya amapiano zilipo. Anayependa muziki huo asijidanganye na wufa ya inchi 4.

Kufunga kunataka uangalifu kidogo:

Nunua waya wa shaba wa nyuzi mbili, milimita za mraba 1.5, mita 5 kila spika. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa, na ina ukinzani zaidi ya mara moja na nusu. Kwa mita 2 haidhuru, kwa 10 inaanza kuhesabika. Menya sentimita 1, sokota nyuzi zikaze, hakikisha hata unywele mmoja haujagusa upande wa pili. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inayeyuka na sauti ya mwimbaji haieleweki inatoka wapi. Ukisikia hivyo, usitafute kosa kwingine kabla ya kuangalia nyaya.

Amplifaya hizi ndogo za TPA3116 na TPA3255 zina jambo ambalo mafundi wa zamani halipo kichwani mwao: ule upande mweusi si ardhi, nao una umeme. Usiziunganishe nyeusi za kushoto na kulia pamoja, wala usiziguse na bodi ya chuma. Kwenye redio nyingi za zamani mtindo huo ulipita salama. Hapa, kwa bahati nzuri, amplifaya itajizima, na kwa bahati mbaya itaungua.

BT20A haina rimoti. Kama TV yako ina jeki ya hedifoni, tumia hiyo, na rimoti ya TV itaongoza sauti. Kama haina, jiandae kuinuka.

Kisimbuzi, mvumo na umeme wa kurudi

Kwenye nyumba nyingi waya mwekundu na mweupe hutoka kwenye kisimbuzi moja kwa moja hadi kwenye sabufa. Inafanya kazi hadi siku mtu anafungua YouTube kwenye TV na sabufa inakaa kimya. Sauti ichukuliwe kwenye TV, mahali ambapo vyote vinakutana.

Ukisikia mvumo wa "mmmm" usiobadilika hata ukipunguza sauti ya TV, usikimbilie kulaumu spika. Chomoa waya wa dishi nyuma ya kisimbuzi. Mvumo ukikata, tatizo ni ardhi mbili: dishi lina njia yake ya kwenda ardhini na soketi ina yake, umeme mdogo unazunguka kati yao kupitia waya wa sauti. Anza kwa kuchomeka TV, kisimbuzi na spika kwenye ekstensheni moja. Usipokatika, hamia kwenye waya wa mwanga; mwanga haupitishi umeme, mvumo hauna pa kupita. Hili peke yake ni sababu tosha ya kuichagua DB mbele ya T. Usikate pini ya ardhi ya plagi, hata fundi akikuambia ni dawa.

Umeme unapokatika na kurudi, mara nyingi hurudi kwa mruko, na chochote kilichoachwa kimewashwa kinaupokea usoni. TV guard inayosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme ni ulinzi wa bei ndogo kwa njia zote tatu. Sabufa yenye transfoma ya chuma huvumilia zaidi ya adapta nyepesi. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani yake.

Kuta za saruji

Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio mfupi unaokwaruza kama "zzing", kuta na vigae vinarudishiana sauti, na hakuna spika itakayokuponya. Mkeka ni mwembamba, hausaidii sana. Zulia zito kati yako na spika, pazia nene la mikunjo, na kochi la kitambaa badala ya ngozi vinabadilisha chumba kuliko kuongeza bajeti.

Spika ziwe mbali mita 1.8 hadi 2.2, nawe ukae umbali kama huo kutoka kila moja, tuwita zikiwa usawa wa masikio, sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Zenye tundu nyuma, kama Sony, ziachie sentimita 20 hadi 40 na ukuta. Usizitie ndani ya kabati la TV. Kochi nalo lisibanwe kwenye ukuta wa nyuma: katika chumba cha mita 4, besi ya Hz 43 hivi hujikusanya kwenye kuta na kupotea katikati, ndiyo maana aliyekaa nyuma analalamika besi nzito na aliyekaa katikati anauliza besi iko wapi.

Mtumba

Amplifaya ya zamani kutoka Ulaya inaweza kuwa bora kuliko vyote vilivyotajwa juu, kwa bei ya sabufa. Inayotoka Japani soma kibandiko: nyingi ni volti 100, na utahitaji transfoma ya kushushia umeme, nzito na ya gharama.

Nenda na mita ya fundi. Washa amplifaya bila spika wala muziki, subiri dakika tano, weka mita kwenye milivolti za DC, pima matundu ya spika ya kila upande. Chini ya 50 ni salama. Ikipita 100, iache hapo ilipo: ni dalili ya hitilafu, na ikizidi inaweza kuunguza koili ya spika (waya uliozungushwa nyuma ya koni). Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Mkwaruzo wakati wa kuzungusha ni vumbi na dawa ya kusafishia huumaliza, ila upande mmoja ukipotea kabisa na hauzinduki, bei ishuke au uondoke.

Spika za mtumba kagua ringi ya ukingoni. Ikiwa ni foamu, ibonyeze kwa kidole kidogo tu: ikimeguka kama keki, imeoza, na joto la pwani limeiharakisha. Ringi ya raba hudumu. Kisha sukuma koni kwa vidole vilivyotawanywa, polepole, ukiisikiliza kwa karibu. Ikikwaruza ndani, koili imepinda. Pima ukinzani: spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mita isiposoma chochote, koili imekatika, hata kama muuzaji anasema "ni waya tu umelegea".

Neno la mwisho, nje ya mtumba: kama tayari una sabufa na umenunua spika nzuri, usiiuze sabufa kwanza. Zing'oe spika zake ndogo, ipeleke sauti kutoka kwenye tundu la besi la R1280DBs, iweke pembeni ya TV, na anza na besi ikiwa sifuri. Ipandishe hadi uanze kuisikia kama kitu cha peke yake, halafu irudishe nyuma kidogo.